Kilimi cha Baba Yako

Kakuma, mchana wa siku ya mwisho

Feza mwanangu,

Umeondoka sasa hivi na bodaboda kwenda Kalobeyei kuwaaga shangazi zako, na umesema utarudi jua likipoa. Ninavyomjua shangazi Mapendo, hatakuachia mpaka ule sahani mbili na umsikilize akilia kidogo. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Baba yako amelala chumbani, au anajifanya amelala. Mlango nimeufunga kwa sababu ya vumbi, mabati yanalia kwa joto, nami nimekaa juu ya sanduku lako kwa kuwa kiti kimoja kina nguo zako na kingine unajua mwenyewe kilivyo.

Mambo ya safari sitayaandika. Habari za kibali cha kutoka kambini umeshaambiwa mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza. Mama mwenye nyumba wa Kanamkemer, kule Lodwar utakakopanga, nimeongea naye kwenye simu. Akanisalimu kwa Kiturkana, "ejok", nikamjibu "ejok-nooi", lugha yake ikaniishia hapo, akacheka sana, tukarudi kwenye Kiswahili. Ni mtu wa kucheka. Utakaa naye vizuri.

Ninachotaka kukuandikia ni habari ya sauti ya baba yako. Wewe unaamini sauti ile ililiwa na corona, na unaamini corona hiyo uliileta wewe. Si kweli. Sauti ya baba yako niliiharibu mimi mama yako, kwa mikono yangu hii miwili, na miaka yote hii nimekuacha ubebe mzigo usio wako. Nimelisema mapema kwa sababu najijua. Nikianza kuzunguka utarudi kabla sijafika.

Nimejuaje unachoamini? Wiki mbili zilizopita nilikuwa natafuta kalamu, nikafungua daftari lako, nikakuta ile barua uliyoiandika kwanza ya kuomba nafasi chuoni, kabla hujainakili vizuri. Uliandika kwamba unataka kusomea uuguzi kwa sababu ulipokuwa na miaka kumi na minne ulimletea baba yako ugonjwa uliomnyang'anya sauti, na unataka kurekebisha. Ulikuwa umeifuta sentensi hiyo kwa mstari mmoja, lakini ilisomeka. Nililisoma daftari hilo nikiwa nimesimama, na nilipomaliza sikukumbuka nilikuwa natafuta nini.

Sijui kama unaikumbuka sauti yake yote. Ulikuwa mkubwa, lakini mtu hasikilizi kwa makini kitu anachodhani kitakuwepo siku zote. Akisimama mbele ya kwaya na kuanza ile sauti ya chini, kina mama waliochelewa walikuwa wanajua huko njiani kwamba ibada imeanza. Akikuita uje ule, jirani wa nyumba ya tatu alinawa mikono. Mimi nilimpendea sauti hiyo kabla sijaiona sura yake, na nilipoiona sura nikasema basi, sauti inatosha. Alicheka kwa maneno hayo mpaka tukaoana.

Halafu ikaja ile corona. Shule zimefungwa, kanisa limefungwa, hata zile njia chache tulizokuwa nazo za kutoka humu zikafungwa, tukawa watu waliofungiwa ndani ya watu waliofungiwa. Wewe na wenzako mlitoroka mkaenda kuimba kule kwenye laga, ule mto mkavu, chini ya ukingo, ili msisikike. Ulirudi na mafua na kikohozi chepesi. Baada ya siku kadhaa baba yako akaanza homa, na walipokuja kumchukua kumpeleka kwenye sehemu ya kutengwa nilikugeukia mlangoni nikakuambia, "Haya, umeridhika sasa?"

Neno hilo nalikumbuka kila siku. Hata sikulisema kwa sauti kubwa.

Sasa nikuulize swali ambalo ungejiuliza mwenyewe kama usingekuwa mtoto. Siku zile mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa mhudumu wa afya wa bloku yetu, nimevaa kizibao changu, naingia nyumba hii natoka nyumba ile, nagawa sabuni, nawauliza watu wanaokohoa tangu lini wanakohoa, wananikoholea usoni wakinijibu. Kama ni mtu wa kuleta ugonjwa ndani ya nyumba hii, wa kwanza kushukiwa nilikuwa mimi. Hakuna anayejua ulitoka wapi. Lakini mimi nilitaka utoke kwa mtu mwingine, na wewe ulikuwa karibu.

Baba yako alikaa huko siku nyingi, akiwekewa hewa puani na kuchomwa dawa kali za kutuliza mapafu. Alirudi amekonda, suruali anaishika kwa mkono. Ulimkimbilia ukaishia hatua mbili kabla ya kumgusa, ukasimama. Nilikuona. Tukamchemshia uji, majirani wakapiga vigelegele kutoka upande wao wa ua wa miti ya mathenge, na siku chache zikawa nzuri kweli.

Kisha akaanza kusema chai ina ladha ya chuma. Nikamwambia ni sufuria. Baadaye akasema mdomo unamuwaka, hata ugali wa vuguvugu unamchoma. Nikamwambia afunue kinywa. Ulimi wote ulikuwa na utando mweupe, mzito, wa vipande vipande kama maziwa yaliyoganda, na ndani ya mashavu vilevile. Nilichukua kitambaa safi nikafuta kipande kimoja. Kikatoka, na chini yake pakawa pekundu, pakachuruza damu kidogo.

Mwanangu, kitu hicho nilikuwa nimekiona kwa watoto wachanga sijui mara ngapi. Nikikiona namwambia mama wa mtoto: nenda kliniki, ni fangasi ya mdomo, kuna dawa ya matone. Nasema bila hata kuketi. Lakini kwa mtu mzima nilikuwa nimekiona kwa wagonjwa wa ukimwi tu, na kichwa changu kilikimbilia huko moja kwa moja. Sikujiuliza kwamba mtu huyu ametoka kuumwa sana, ametumia dawa kali, mwili wake umechoka. Niliuliza swali moja tu: ameupata kwa nani? Siku tatu nzima nilimtazama kwa jicho baya. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na kwaya ina wanawake. Niliwapitia waimbaji wa sauti ya kwanza mmoja mmoja kichwani, nikimpa uji mkononi.

"Mama Feza, unaniangaliaka vile juu ya nini?" aliniuliza.

"Nakuangalia kama unameza."

Na kumeza ndiko kulikoharibika. Uji ulikuwa unakwama. Alikuwa anameza akifumba macho, anaonyesha kooni kwa kidole. Wewe ulikuwa unasimama pale kwenye pazia, ukiangalia kijiko kinavyopanda na kushuka.

Kwa nini sikumpeleka kliniki? Kliniki wangempima. Wale wa kliniki wote wananijua, nakutana nao kwenye mikutano, na mhudumu mwenzangu mmoja, sitamtaja, siri kwake hailali. Kichwani niliwaona tayari kina mama wa bloku wakininyamazia nikipita. Niliogopa pia wasije wakamrudisha kule kwenye kutengwa. Lakini nikiwa mkweli, hofu ya pili niliitumia kufunika ya kwanza. Kwa hiyo nilikaa na mgonjwa ndani, dawa yake iko umbali wa kutembea, na mlango nimeufunga mwenyewe.

Siku moja baada ya chakula ambacho hakukila, nilimfungua tena kinywa, nikaona nyuma kabisa kile kinyama kinachoning'inia kooni, kilimi. Kilikuwa kimevimba, kimekuwa cheupe, kinagusa ulimi. Nikashusha pumzi. Sijui kama utanielewa: nilifurahi. Kwetu kule Fizi, bibi yangu aliyenilea alikuwa akisema mtu akikohoa sana na kushindwa kumeza, ni kilimi kimerefuka, kinakatwa, anapona. Mimi mwenyewe nilikatwa nikiwa mdogo, na wewe ungekatwa kama baba yako asingekataa. Kilimi hakina aibu. Kilimi ni ugonjwa wa mtu yeyote. Hakuna jirani atakayekunyamazia kwa sababu mume wako ana kilimi.

Na wewe unajua kazi yangu ilikuwa nini. Zile kadi za picha nilizokuwa nabeba kwenye mfuko, unazikumbuka, ulikuwa unazichezea. Moja ilikuwa na picha ya mtoto amefungua kinywa, na wembe uliopigwa alama nyekundu. Niliishika kadi hiyo mbele ya kina mama mia moja nikawaambia, msikate kilimi, mtoto atavuja damu, mtoto ataharibika koo. Nilikuwa naisema vizuri. Nilisifiwa.

Niliagiza aitwe Bibi Jenerosa, yule mzee Mrundi aliyekuwa anakaa ng'ambo ya bomba la maji, ambaye baadaye alirudi kwao. Usimchukie. Hakuja kutafuta kitu kwangu, nilimwita, akaja na kifurushi chake cha kitambaa akidhani anamsaidia mtu. Kabla hajaingia niliutoa ule mfuko wa kadi kwenye msumari. Halafu nikajiuliza nitauweka wapi, nikaurudisha na kuufunika kwa kitenge.

Wewe nilikutuma maji. Kulikuwa na maji ndani ya kutosha. Nilijua foleni ya bomba ni ndefu saa hiyo, ndiyo maana nikakutuma.

Bibi Jenerosa alimgeuza baba yako uso kwenye mwanga wa mlango.

"Fungua kinywa, baba. Eee. Unaona? Kilimi imerefuka mpaka inakaa juu ya ulimi. Ndiyo inamuzuia."

"Na ile nyeupe, Bibi?"

"Ni uchafu ya kilimi tu. Tukiikata, yote inaenda. Kesho anakula bugali."

Baba yako akanitazama mimi. Hakumtazama yule mzee hata kidogo.

"Mama Feza, hii si ndiyo unakatazaka watu?"

"Nakatazaka ya watoto. Weye uko mutu mukubwa."

Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Sawa. Kama unasema." Alikuwa na njaa, Feza. Alikuwa amechoka na njaa, na mke wake ndiye mtu wa afya. Akafungua kinywa. Mimi nilikaa nyuma yake nikashika kichwa chake kwa mikono yote miwili, nikakibana kwenye kifua changu ili asitikisike. Nilikishika vizuri sana. Alipostuka mara ya kwanza nilikishika zaidi, na yule mzee macho yake hayakuwa mazuri tena, na mkono wake ulikata zaidi ya kilimi.

Uliporudi ulisimama mlangoni na jerikeni. Ulikuta beseni la kunawia lina damu, na Bibi Jenerosa ameshapita nyuma ya ua. Ukaniuliza ni nini. Nikakuambia, "Ni corona, imerudi kooni. Kimbia uite bodaboda." Ulikimbia bila kutua ile jerikeni. Nilikuona ukikimbia nayo imejaa, mpaka ulipofika kwenye kona ndipo ukakumbuka kuiweka chini.

Kliniki tulimkuta Nakiru, yule nesi Mturkana mrefu mwenye shanga. Wengine wangeanza na maswali. Yeye alisema, "Ejok, mama, kaa hapo. Wacha kwanza hii damu isimame, maneno ni ya baadaye." Ikasimama kwa taabu. Kisha akachukua tochi akaangalia mdomo wote polepole, huku mimi nikingoja neno ukimwi kama mtu anayengoja kofi.

"Hii nyeupe ni fangasi ya mdomo," akasema. "Inashika wengi wakitoka corona. Zile dawa kali alipewa zinaacha mwili haina nguvu ya kuikataa, na sukari yake nimepima iko juu. Imeshuka mpaka kwa koo, ndio maana anaumia akimeza. Si kitu kubwa, mama. Tunampea matone na vidonge, wiki mbili imeisha. Mngekuja tu."

Mngekuja tu. Ameshasahau kwamba alisema hivyo, mimi ninaendelea kulisikia.

Walimpima na ule mwingine pia. Hakuwa nao. Waimbaji wangu wote wa sauti ya kwanza nilikuwa nimewasingizia bure.

Kisha Nakiru akaniuliza, "Na hii kidonda? Nani amekata hii?"

Nikasema, "Alikula samaki. Ni mfupa."

Akanitazama. Ndipo nikagundua kwamba nilipotoka nyumbani mbio nilikuwa nimevaa kizibao changu cha mhudumu, kwa mazoea, kina damu mbele. Akamtazama baba yako. Na baba yako, pamba ikiwa kinywani, akatikisa kichwa kukubali: mfupa wa samaki. Nakiru akaandika hivyo, akafunga faili.

Ile nyeupe haikumaliza wiki mbili. Iliondoka hivihivi, matone mara nne kwa siku, kama alivyosema. Kidonda kilipona nacho, lakini kilipona vibaya, kikavuta nyama ya juu ya koo. Tangu hapo maneno ya baba yako yanapitia puani, na akinywa haraka kinywaji kinarudi kwa huko huko. Ile sauti ya chini ilikwenda kabisa.

Sasa nafika mahali penyewe. Siku moja nilikuwa nachambua maharage, wewe ukaja ukachuchumaa mbele yangu. Baba alikuwa amejaribu kukuita, jina lako likatoka bila kichwa wala mwisho, na jirani wa nyumba ya tatu hakusikia. Ukaniuliza, "Mama, ni mimi?" Maneno hayo tu. Ungeuliza zaidi ningeweza kukasirika. Nilikuwa na jiwe dogo kati ya vidole vyangu, nikalitupa, nikakuambia uniletee kisufuria. Ukaleta. Hukuuliza tena, na hukuimba tena. Watu walisema umekua, umekuwa msichana mtulivu. Niliitikia. Mimi nilijua kwamba hukuwa mtulivu.

Ningekuambia siku ile, ingekuwa ngumu. Mwezi uliofuata ikawa ngumu zaidi, kwa kuwa ilibidi nikuambie na habari ya mwezi mzima niliokaa kimya. Halafu mwaka. Wangenivua kizibao, kina mama wangesema huyu ndiye aliyetufundisha. Kwa hiyo nikaendelea kupita nyumba hadi nyumba na kadi ile ya wembe, na nikawa mkali juu ya kilimi kuliko mhudumu yeyote, wakawa wananiita niwafundishe wapya. Humu Kakuma tunalalamika kwamba huwezi kutoka bila karatasi. Ni kweli. Lakini karatasi ya kutoka mahali nilipojifungia mwenyewe niliijua anayeitoa ni nani, na nilikuwa namwona kila asubuhi akisuka nywele.

Utakwenda kukaa Lodwar, nami Lodwar nimefika mara moja tu, tulipopelekwa baba yako aonwe na daktari wa koo. Daktari alimwangalia akasema koo lilipofika halishoneki. Tulikuwa na masaa kabla ya gari kurudi, tukaingia hotelini tukaagiza chai. Baba yako alisahau, au alikuwa na kiu, akanywa kama mtu mwingine, chai ikamtoka puani mezani. Msichana aliyetuhudumia alicheka. Hakuwa mbaya, alicheka kabla hajafikiri, kisha akaona haya akaleta kitambaa. Baba yako alifuta meza yeye mwenyewe, vizuri, mpaka pembeni, akaweka kikombe chini. Tangu siku ile hajala mbele ya mtu asiye wa nyumba hii, na hajatoka nje ya ua ila kwa kuitwa kuhesabiwa. Unajua jinsi anavyokaa pale kwenye kivuli cha ukuta, akisogea kinavyosogea. Nilimwambia njiani, ndani ya gari, "Nisamehe." Akanishika goti, akasema kwa shida, "Una kazi. Acha." Alidhani analinda kazi yangu tu. Hakujua kwamba kuna mtu mwingine ndani ya kimya kile.

Alijua juzi. Nilimsomea lile daftari lako. Alilia, Feza, na baba yako hata kulia siku hizi kunampa tabu. Kisha akaniambia neno moja moja, nikirudia kila neno ili ajue nimelisikia: "Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi. Itachukua siku nzima, na hataelewa nusu. Mwambie." Hicho ndicho kilichonikalisha juu ya sanduku hili.

Mawaidha sina. Nimeyatumia yote kwa watu wengine. Ninayo machache niliyoyaona kwa macho. Siku moja ataletwa mbele yako mtu aliyekatwa kilimi, na nyuma yake amesimama mama anayesema mfupa wa samaki. Fanya kama Nakiru, simamisha damu kwanza. Lakini mkimaliza, mvute yule mama pembeni, umuulize mara ya pili. Mimi sikuulizwa mara ya pili. Labda ningesema, sijui, napenda kufikiri ningesema. Na mtu mzima akifungua kinywa ukaona weupe, usiruhusu macho yako yaseme kitu kabla ya mdomo wako. Wagonjwa wanasoma macho. Baba yako alisoma yangu siku tatu.

Na hili ni gumu kwangu kuliandika, maana nimejivunia chuo chako kwa kila mtu wa bloku hii. Huna cha kurekebisha. Kama unapenda uuguzi, nenda ukausome, utakuwa mzuri, una mikono mitulivu. Kama ulikuwa unakwenda kwa ajili ya ile sentensi uliyoifuta, basi ifute na mistari yote iliyobaki, usome kitu unachokitaka wewe. Sitakuuliza. Kuhusu kuimba pia sitakuuliza, ingawa nasikia Kanamkemer kuna makanisa karibu karibu, na nyumba yenu ina ukuta wa tofali, haipitishi sauti kama mabati yetu.

Jumatatu nina kikao cha kina mama. Nitaishika ile kadi, halafu nitawaambia ni nani aliyeshika kichwa cha nani. Wakinivua kizibao, wanivue. Nitajua nikae wapi, kivuli cha ukuta kinatosha watu wawili.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuitia chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi, uje uikute Lodwar mimi nikiwa huku, siwezi kutoka, wewe huwezi kurudi, na hasira yako ikuishie huko huko. Nilikuwa nimeshafungua sanduku. Nimenyanyua blanketi, na mkono wangu umetambua kazi inayofanya, ni ile ile ya kufunika mfuko kwa kitenge. Nimelifunga tena.

Kwa hiyo nitakupa mkononi ukiingia. Nitakaa hapa hapa, sitakwenda jikoni, sitakutuma maji. Baba yako ameshaamka, namsikia anatafuta viatu. Anasema atakaa nasi, na kesho atakusindikiza mpaka kituoni, watu wamwone.

Pikipiki inalia pale kwenye kona. Ukishasoma mpaka hapa, inua macho. Niko mbele yako, juu ya sanduku. Uniulize tena lile swali la siku ile ya maharage, ama uniambie lolote unalotaka, hata likiwa baya. Safari hii nitajibu.

Mama yako